Anayepiga kelele si lazima awe wa kwanza kulipwa

Msomaji mmoja ameniandikia hivi, nami nimefupisha:

"Wakili, habari za kazi. Nina madeni manne. La kwanza ni mkopo wa benki wa zamani ambao sijalipa kwa kama miaka saba. Sasa kampuni nisiyoijua imeniandikia kwamba imelinunua deni hilo. Barua ina maandishi mekundu, NOTISI YA MWISHO, na wanasema nikitoa hata kidogo tu 'kuonyesha nia njema' watasimamisha hatua za kisheria. La pili ni mkopo wa programu ya simu. Hawa hunipigia kutwa, na wiki iliyopita walimpigia bosi wangu. La tatu ni la chama cha akiba na mikopo, alinidhamini mfanyakazi mwenzangu. La nne ni kodi ya nyumba, miezi miwili. Mshahara ninao, lakini nikiupata tu nawapa wa simu ili wanyamaze. Juzi mmoja wao kaniambia polisi wako njiani. Je, naweza kufungwa? Nianze na lipi? Kuna na bahasha ililetwa kazini, sijaifungua. Mdhamini wangu hajui chochote."

Dada yangu, hiyo bahasha ifungue kabla hujaendelea kusoma. Umeitaja mwishoni kabisa, kwa sentensi moja, kana kwamba ni jambo dogo. Kwangu mimi ndiyo barua yako yote. Simu ulizohesabu, maandishi mekundu, vitisho vya polisi, vyote hivyo havijaweza kukutoa senti kwa nguvu. Karatasi iliyomo ndani ya bahasha inaweza, kama imetoka mahakamani.

Utaijuaje? Karatasi ya mahakama ina jina la mahakama juu, namba ya shauri, majina ya pande mbili, mdai na mdaiwa, mhuri, na tarehe: ama ya kufika, ama ya mwisho ya kujibu. Kwa kawaida ni karatasi kavu, haina hasira wala maandishi mekundu. Barua ya wakusanya madeni kinyume chake: ina haraka, ina herufi kubwa, ina namba ya simu na namba ya akaunti ya kulipia, na ukiisoma taratibu utaona maneno kama "tunaweza kuchukua hatua" au "mteja wetu atalazimika kufikiria". Nazijua barua hizo kwa sababu kabla sijavuka upande huu niliwahi kuziandika. Miaka miwili nilikaa katika ofisi ya kukusanya madeni. Jina na kiasi vilijazwa na kompyuta, barua mia mbili kwa mkupuo, na "notisi ya mwisho" ilifuatwa na nyingine ya mwisho baada ya wiki tatu. Wekundu ule ulichaguliwa baada ya kulinganisha rangi ipi inafanya simu ya ofisini ilie zaidi asubuhi ya pili.

Kwa hiyo kama bahasha ni ya wakusanya madeni, iweke kwenye faili, tutaifikia. Kama ni wito wa mahakama, angalia tarehe na uanze kuhesabu siku leo hii. Siku zenyewe ni chache kila mahali. England una siku 14 tangu kupokea madai ili ujibu, na ukituma kwanza taarifa ya kukiri kupokea zinakuwa 28. Katika majimbo mengi ya Marekani ni siku 20 au 30. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria yake inataka shauri likamilike ndani ya siku 60. Hukutaja uko nchi gani, ndiyo maana nitakupa mifano ya hapa na pale. Siku zako wewe zimeandikwa kwenye hiyo karatasi, na ni hizo tu zinazokuhusu.

Wadaiwa wengi ninaowaona hawakushindwa kesi kwa hoja. Walishindwa kwa kutokuwepo. Mdaiwa hakujibu, hakufika, mdai akaomba hukumu ya upande mmoja, hakimu akaitoa bila hata kuuliza hesabu ya riba ilifikaje pale. Na baada ya hukumu hata deni lililokuwa na kasoro tele linakuwa deni la mahakama, lina meno. Jibu lako si lazima liwe la kisomi. Inatosha kuandika wazi kati ya haya: deni si langu; ni langu lakini kiasi si hicho; nilishalipa, risiti hizi hapa; muda wa kudai umekwisha; au, ni kweli ninadaiwa, naomba kulipa kwa awamu za kiasi hiki kwa sababu kipato changu ni hiki. Hilo la mwisho watu hulionea aibu, na ndilo mahakimu hulisikiliza kwa utulivu zaidi. Hoja ya muda kupita usiiache ukidhani hakimu ataiona mwenyewe. Uingereza na Marekani, usipoitaja wewe, mahakama haitakutajia.

Na kama ukifungua ukakuta ni hukumu tayari, bado kuna mlango. Omba mahakama iitengue, kwa haraka, ukieleza mambo mawili: kwa nini hukufika, na una utetezi gani wa maana. Ukija na la kwanza bila la pili utarudishwa, maana mahakama haitafungua upya shauri ili tu likuhukumu tena vilevile. Usikae nayo mwezi mzima ukikusanya ujasiri. Kuchelewa nako kutahitaji maelezo.

Sasa kuhusu jela, maana najua ndilo linalokukosesha usingizi. Kwa kushindwa tu kulipa mkopo, hapana. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, kifungu cha 11, unasema mtu hatafungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa kimkataba, na nchi nyingi sana duniani zimeuridhia. Neno la kushika hapo ni "ameshindwa". Nchi kadhaa, Kenya na India zikiwemo, bado zina kifungo cha madai, lakini hicho huja mwisho wa safari: baada ya hukumu, baada ya mdai kuomba, baada ya mahakama kukuita ujieleze, na kimelengwa kwa mwenye uwezo anayekataa kwa makusudi au anayeficha mali. Asiyenacho si mlengwa wake. Hatari ya kweli kwa mtu kama wewe ni ndogo na ya kipuuzi zaidi: kuitwa mahakamani uhojiwe juu ya mali zako, usiende, ukakamatwa kwa kudharau amri. Makosa ya jinai ni jambo jingine. Ukikopa kwa kitambulisho cha mtu, au ukitoa hundi ukijua akaunti haina kitu, sheria za nchi nyingi zina neno na wewe. Hujaniambia lolote kati ya hayo.

Polisi kwa kawaida hawana kazi katika deni la kawaida la mkopo. Atakayekuambia wako njiani, muulize kwa upole: kituo gani, afisa gani, namba ya jalada ngapi, naomba nitumie kwa maandishi. Nimewahi kukaa na mteja simu ikiwa wazi mezani, akauliza maswali hayo matatu kama nilivyomfundisha. Upande wa pili ukasikika mtu akigeuza karatasi, kisha akasema, "Nitakupigia baadaye." Hakupiga.

Twende kwenye deni la benki la miaka saba, kwa sababu hapo ndipo umesimama juu ya kitu chepesi kuvunjika. Hao waliokuandikia, kama wanasema kweli, wamenunua deni lako. Ni biashara halali, ila ni vizuri ujue bei. Mwaka 2013 tume ya biashara ya shirikisho ya Marekani ilitoa ripoti baada ya kuchunguza wanunuzi wakubwa wa madeni nchini humo, ikakuta wastani wa walicholipa ni senti 4 kwa kila dola ya deni. Na deni lilivyozeeka ndivyo lilivyouzwa kwa bei ya chini zaidi. Aliyenunua kwa bei hiyo mara nyingi amepewa orodha ya majina na kiasi, bila mkataba uliosaini, bila taarifa ya malipo. Ndiyo sababu sentensi ya kwanza ya kumwandikia si "naomba muda". Ni "nionyeshe".

Halafu kuna suala la ukomo wa muda. Kila nchi imeweka miaka ambayo ikipita mdai hawezi tena kukushtaki kwa deni la kawaida, akishtaki unaweza kumzuia. Kenya na Tanzania ni miaka 6 kwa deni la mkataba, England na Wales vilevile 6. Scotland ni 5. India na Afrika Kusini ni 3. Ujerumani ni 3 pia, ila huhesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka deni lilipoanza kudaiwa. Kwa nchi hizo zote, miaka saba imepita. Ungekuwa mmoja wa wateja wangu wenye haraka, ungefunga barua hapa ukasherehekea.

Subiri kwanza. Saa hiyo huanza kuhesabu kwa kawaida pale uliposhindwa kulipa, si pale ulipokopa. Na ina kitufe cha kuirudisha sifuri. Katika nchi nyingi, ukilipa sehemu ya deni, au ukiandika na kusaini kwamba unalitambua, miaka huanza upya. Sasa soma tena barua nyekundu: "lipa hata kidogo tu kuonyesha nia njema". Unaona? Hawahitaji kidogo chako. Wanahitaji tarehe mpya. England deni likishapita muda halifufuki hata ukilipa, lakini yapo majimbo ya Marekani ambako malipo ya leo yanaweza kuliamsha deni lililokwisha kulala. Na wewe umesema "kama miaka saba". Hilo "kama" linanipa wasiwasi. Je, hakuna malipo uliyofanya ukayasahau, pengine benki ilijikatia yenyewe kwenye akaunti? Kama la mwisho lilikuwa miaka mitano na nusu iliyopita, na nchi yako ni ya miaka sita, malipo madogo ya nia njema ndiyo yatakayowapa wanachokitafuta.

Kwa hiyo usiwapigie. Usilipe. Usiandike "samahani kwa kuchelewa". Andika hivi, na ubaki na nakala:

"Nimepokea barua yenu ya tarehe fulani. Silitambui deni mnalolidai. Naomba mnitumie kwa maandishi nakala ya mkataba, taarifa kamili ya malipo ikionyesha tarehe ya malipo ya mwisho, mchanganuo wa kiasi cha msingi, riba na ada, na uthibitisho kwamba deni hilo limehamishiwa kwenu. Barua hii si kukubali deni lolote. Naomba mawasiliano yote yawe kwa maandishi."

Basi. Usiongeze hadithi ya maisha. Marekani ukilipinga deni kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu kupewa taarifa rasmi, mkusanyaji lazima asimame hadi athibitishe. Na tangu Novemba 2021 kanuni zao zinamkataza kabisa kukushtaki au kukutishia kukushtaki kwa deni lililopita muda. Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi: deni lililokwisha muda limekufa, na mkopo ukishafika hapo hairuhusiwi hata kuuuza au kuendelea kuudai. Kwingine, kama Uingereza nje ya Scotland, deni hubaki hai kwenye daftari ila halina mahakama. Tahadhari moja tu: kama benki ilikwisha kukushtaki na kupata hukumu miaka hiyo, hesabu ni nyingine. Kenya, kwa mfano, hukumu ina maisha ya miaka 12. Ndiyo maana unaomba karatasi kabla ya kusema neno.

Najua kuna watakaoniuliza kama ni haki kumshauri mtu asilipe alichokopa. Dawa ya deni ni kulipa, hilo nimelelewa nalo. Lakini dawa hunywewa kwa kipimo na kwa zamu. Benki iliyokukopesha ilikwisha kufuta deni hilo vitabuni na kuliuza. Mwenye nyumba na mdhamini wako hawajafuta kitu. Siku ukiwa umewamaliza wote, ukitaka kuitafuta ile benki, ni juu yako na dhamiri yako.

Wa programu ya simu ndio wanaokula mshahara wako wote, na wanakula kwa sababu umewafundisha. Kila ulipolipa baada ya simu kumi, walijifunza kwamba simu kumi zinatosha. Mkopo wenyewe ni deni halali na utalipa, lakini si kwa mtindo huo. Kumpigia bosi wako, nchi nyingi zimepiga marufuku. Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022 zinazokataza vitisho, matusi, na kuwapigia watu walio kwenye orodha ya simu yako ili kukuaibisha. Marekani ina sheria tangu 1977: wakusanyaji hawaruhusiwi kupiga kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku, hawawezi kumwambia mwajiri wako habari za deni, na kanuni za sasa huchukulia zaidi ya simu saba ndani ya siku saba kwa deni moja kuwa ni usumbufu hadi wathibitishe vinginevyo.

Ila haki isiyo na ushahidi ni malalamiko tu. Chukua daftari. Tarehe, saa, namba iliyopiga, jina alilojitaja, alichosema kwa maneno yake. Piga picha ya skrini kila ujumbe. Mwombe bosi wako akuandikie mistari miwili: nani alimpigia, lini, alisema nini. Ingia kwenye mipangilio ya simu uiondolee ile programu ruhusa ya kusoma majina na namba zako (walizokwisha kunakili hutazirudisha, lakini mpya hawatapata). Kisha waandikie mara moja: nataka mawasiliano kwa maandishi tu, msiwasiliane na mtu mwingine yeyote, na nitumieni mchanganuo wa deni. Wakiendelea, peleka daftari hilo kwa mamlaka inayowapa leseni: mara nyingi ni benki kuu au mamlaka ya kulinda taarifa binafsi. Mkopeshaji asiye na leseni kabisa naye ni habari ambayo mamlaka hizo hupenda kuisikia.

Huo mchanganuo usiupuuze. Mikopo ya namna hii hujaa ada za kuchelewa juu ya riba juu ya ada. Baadhi ya nchi zimeweka ukuta: Afrika Kusini, na Kenya kwa mabenki, mkopo ukishaacha kulipwa riba inayorundikana haiwezi kuzidi kiasi cha msingi kilichokuwa kimebaki. Ukiona deni limeongezeka mara nne, uliza kama nchi yako ina ukuta huo na kama unamhusu mkopeshaji wa aina hiyo.

Sasa zamu ya kulipa. Watu huniuliza kama waanze na deni dogo ili wapate moyo, au lenye riba kubwa ili waokoe fedha. Kwa mtu ambaye hajachelewa popote, lenye riba kubwa ndilo jibu, ingawa sitamlaumu anayeanza na dogo. Kwako wewe swali hilo bado. Swali lako ni: nisipolipa mwezi huu, nani anaweza kuchukua nini? Mwenye nyumba anaweza kuchukua paa. Huyo wa kwanza, hata kama hajakupigia hata mara moja. Anayefuata ni chama cha akiba na mikopo, kwa sababu kinaweza kukata akiba zako, na zikiisha kinamgeukia mdhamini. Wa tatu ni wa simu, ambaye bila mahakama hana cha kushika zaidi ya simu yake, ingawa anaweza kukuharibia rekodi ya mikopo. Wa mwisho ni mnunuzi wa deni kuukuu, ambaye hapati kitu hadi alete karatasi. Linganisha na orodha unayofuata sasa. Umeipanga kwa sauti, ikawa kinyumenyume.

Kaa chini na mshahara wa mwezi mmoja. Ondoa kodi ya mwezi huu, chakula, nauli, ada za watoto kama wapo. Kinachobaki ndicho cha kugawana, na usimwahidi mtu hata senti nje ya hicho. Makubaliano ya awamu yakivunjika, mara nyingi yana kifungu kinachofanya deni zima lidaiwe papo hapo, na ukishavunja ahadi moja ya pili haitasikilizwa. Afadhali useme kidogo ukilipe miezi kumi na mbili mfululizo.

Hata hivyo kuna kiwango ambacho chini yake unamwaga maji kwenye pakacha. Chukua deni la 100,000 lenye riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Ukilipa 5,000 kila mwezi, unalipa riba tupu. Baada ya miaka kumi utakuwa unadaiwa 100,000 ileile. Ukilipa 6,000 utamaliza kwa miezi 37, ukiwa umetoa kama 220,000 kwa jumla. Ukilipa 7,000 utamaliza kwa miezi 26 na jumla ni kama 180,000. Elfu moja ya ziada kwa mwezi imekuokolea elfu arobaini na karibu mwaka mzima. Kwa hiyo, kama kinachobaki hakitoshi kuvuka riba ya deni fulani, usikinyunyize kila mahali. Omba kwanza riba isimamishwe au ipunguzwe, na ueleze kwa hesabu kwa nini. Mdai mwenye akili anajua kwamba awamu ndogo inayopunguza msingi ni bora kuliko kubwa itakayokatika mwezi wa tatu.

Kila unapolipa, andika kwenye muamala au barua ni deni lipi na ni kwa ajili ya nini. Usiposema, sheria nyingi humwachia mdai achague, naye atachagua ada zake kwanza. Na mdai akikubali upunguzo, tuseme ulipe asilimia 60 yaishe, usilipe kwa neno la simu. Taka barua kwanza inayosema malipo hayo yanamaliza deni lote na salio limefutwa. Nimeona mtu akilipa "nusu yaishe" na miaka miwili baadaye nusu ya pili ikarudi na riba yake, imeuzwa kwa mwingine. Hakuwa na barua.

Usikope kwa programu nyingine ili kulipa hii. Na ukikutana na anayeahidi kukufutia madeni yote lakini anataka ada kabla hajafanya kitu, pita njia nyingine.

Tuseme mambo yameharibika, hukumu imetoka na hukulipa. Hata hapo dalali haji tu na gari. Anahitaji hati ya mahakama yenye namba ya shauri, na una haki ya kuisoma mlangoni kabla ya mtu kugusa kiti. Kuna vitu haviguswi. Sheria ya mwenendo wa madai ya India ya mwaka 1908, ambayo Kenya na Tanzania zimerithi mengi kutoka kwake, inakinga nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na zana za fundi. Nimependa sikuzote kwamba waliotunga sheria ile walikumbuka sufuria. Mshahara nao hauchukuliwi wote: Kenya theluthi mbili zinakingwa, na Marekani, kwa madeni ya kawaida, kiwango cha juu ni asilimia 25 ya kinachobaki baada ya makato ya kisheria. England, kabla hata ya kufika huko, mwenye madeni akienda kwa mshauri anayetambuliwa anaweza kupata siku 60 za kupumua ambazo riba nyingi husimama na wadai hawaruhusiwi kumfuata; mpango huo ulianza Mei 2021. Uliza kama kwenu kuna mfano wake, na kama kuna msaada wa kisheria wa bure. Mara nyingi upo, na hautumiki kwa sababu ya aibu.

Umebaki mdhamini. Umesema hajui chochote. Katika nchi nyingi chama kikishaona umechelewa hakihitaji kumaliza kukushtaki wewe ndipo kimfikie yeye. Saini yake inatosha, na kwa kuwa mko kazi moja atagundua siku mshahara wake utakapopungua. Mwambie wiki hii, kabla ya chama. Nenda na karatasi mbili: taarifa ya deni inayoonyesha salio, na barua yako ya kuomba awamu kwa chama, iliyokwisha kugongwa mhuri wa kupokelewa. Atakasirika. Mpe nakala zote mbili, na umwambie tarehe ya awamu ya kwanza.